Kikaratasi cha kijani kilivyoninunulisha katambuga za laki na themanini

Mwangaluka wakuu.

Mimi hapa duniani hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne Mhunze, nikaingia Geita na sululu ya kuazima, leo nina makarasha matatu ya kusaga mawe ya dhahabu. Kwa hiyo haya ni kweli tupu, sina sababu ya kujichafua.

Binti yangu Pendo anaolewa. Kwetu mwenye kuongea mahari ni baba mkubwa, siyo mzazi. Na baba mkubwa ni kaka yangu Masanja, fundi katambuga, vile viatu vya tairi, hapo hapo Mhunze.

Kosa langu: nilimwambia kwenye simu aje na viatu vya heshima, tusiaibike kwa wakwe.

Akajibu taratibu, "Basi tafuta baba mkubwa mwenye viatu." Akakata.

Kikao Jumamosi. Bila yeye hakuna kikao.

Nikaamua nimfuate na Pendo. Ila bosi haendi kuomba radhi amechakaa, nikapita duka moja Geita mjini. Kuna sandals jozi mbili za ngozi, mtu na pacha wake. Moja elfu sitini. Nyingine laki na themanini, ina kikaratasi cha kijani, picha ya jani na Kiingereza kingi.

Nikamuuliza muuzaji, "Binti, hiki kinasema nini?"

"Kiatu hakiharibu mazingira, baba. Wanavipenda watu wanaojielewa."

Wakuu, mimi najielewa. Mazingira sikuwahi kuyawaza, vumbi la makarasha yangu linajulikana hadi mtaa wa tatu. Lakini lile jani lilinishika. Nikalipa, kikaratasi nikakiacha kinaning'inia wa kuona aone.

Kufika, Masanja hakunitazama usoni. Alitazama miguu.

"Pendo mwanangu, hebu msomee baba yako hiyo karatasi."

Pendo akasoma pole pole, akitafsiri: "Ngozi imelainishwa kwa magome ya miti. Soli ni tairi la gari lililokwisha kutumika."

Masanja akaweka kisu chini, akacheka mpaka wateja wakasogea.

"Mdogo wangu, kumbe umenunua katambuga zilizosoma."

Nikaomba radhi mbele ya wale wateja. Akasema kasamehe, ila kikaoni nitavaa za kwake, zile za elfu nane. Halafu akachana boksi la biskuti, akaandika: "Tairi la Fuso, lilipasukia Kolandoto, halidhuru mtu." Akalifunga kwenye mkanda.

"Hizi sasa laki na themanini. Zina maelezo."

Nikalipa. Jumamosi nikazivaa, Masanja akaongea, wakwe wakakubali ng'ombe wote bila kupunguza.

Nilichojifunza: kikaratasi hakikunidanganya. Mimi ndiye nililipia jani bila kuuliza maneno yake.

Nyie mnasoma kweli hizo karatasi, au mnaangalia rangi tu kama mimi? Semeni hapo chini, wa kucheka acheke kwa adabu.

Na mnaotaka kujua hasara: jozi mbili za tairi, shilingi 360,000 kamili.