Tundu Aliloziba Lameck

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyotangulia. Maji yalipoingia nyumbani kwetu Pasiansi yalipindua dumu la bibi, na tope lote likanuka mafuta. Nilikuwa nimebanwa kati ya mawe mawili makubwa nyuma ya jiko, na mkononi nimeshika sweta la mdogo wangu Kabula. Juu yetu ukuta wa jirani, Lameck, ulikuwa umeanguka, na maji uliyokuwa umeyazuia yalishuka yote kwa mkupuo. Sweta likabaki mkononi mwangu. Kabula hakubaki.

Kabla ya hapo, mvua kwetu ilikuwa mchezo. Mtaa wetu uko mlimani, nyumba juu ya nyumba, na kila mwenye ua alikuwa ameacha tundu chini ya ukuta wake ili maji ya jirani wa juu yapite, yashuke ua kwa ua mpaka kwenye mafunjo na ziwani. Mawingu yakikusanyika, bibi alitutuma tukatoe majani kwenye matundu. Tukimaliza, nilidumbukiza gunzi la mahindi kwenye tundu la juu kabisa, na Kabula alikimbilia chini kulisubiri. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuligusa. Likikwama, unangoja maji yaligeuze yenyewe, ukilisukuma umeshindwa. Nilikuwa nasikia maji yakigugumia chini ya kuta, na harufu ya mawe ya moto yaliyoloa, halafu kutoka kule chini sauti yake, "Limefika!"

Msimu ule wa mafuriko Lameck alihamia hapo juu yetu, akasawazisha ua wake kwa udongo wa kununua. Kila mvua ikinyesha, udongo ulitoroka kupitia tundu. Akaliziba kwa saruji. Bibi alimwendea, nami nikiwa nyuma yake.

"Baba, fungua hilo tundu. Sisi tuko chini yako."

"Mama, wewe chunga kuku wako. Huu ukuta kajenga fundi, siyo wajukuu zako."

Bibi akamwita mjumbe wetu, Petro. Petro alikunywa chai kwa Lameck, akatoka akisema ukuta ni mali ya mtu. Na msibani kwa Kabula, Lameck huyo huyo alisimama mbele yetu akasema ni mvua ya Mungu. Watu wakaitikia.

Mimi shule niliishia njiani, hata hii simu naijua kwa kupigia tu. Lakini mwaka huu Neema, binti wa kaka yangu, anayetengeneza michezo ya kwenye kompyuta, alikuja kunionyesha wa kwake kwenye simu yake. Anasema ni sanaa, kama mtu anavyochora picha, na ameuchanganya na mafundisho ya zamani ya Uchina yanayoitwa Utao: mtu asishindane na maumbile, aende nayo kama maji yanavyokwenda. Nikaangalia. Mlima wetu! Mawe, matundu, gunzi langu. Nilikuwa nimemsimulia, naye amelitia humo.

Nikaanza kulisukuma.

"Shangazi! Unabonyeza kama unasonga ugali. Liachie tu."

Nikaliachia. Likapita ua wa kwanza, wa pili, likazunguka jiko la bibi, likaingia kwenye mafunjo, ndege wakaruka. Pazuri, sikatai. Ila lilipofika ziwani hakuna aliyepiga kelele. Nilikaa na ile simu mkononi, nikingoja.

"Ukuta wa Lameck uko wapi?" nikamuuliza.

"Sikuuweka, shangazi. Nilitaka mtu apate utulivu."

Utulivu tulikuwa nao, mwanangu. Sisi ndio tulioyaachia maji yapite. Aliyeshindana nayo ni mmoja, na aliyekufa si yeye. Leo nikipanda pale, kuta zote zimepanda juu na vipande vya chupa, matundu hayapo, na wale watoto wa magunzi nimebaki mimi peke yangu. Petro ameshakufa, kanyamaza moja kwa moja. Lameck yuko Buhongwa, mzee anayeamkiwa shikamoo na kila apitaye. Neema, weka ukuta ule kwenye mchezo wako, na jina lake uliandike juu yake. Na wewe Lameck, mvua ilikuwa ya Mungu, sibishi. Saruji ilikuwa ya nani? Jibu ungali hai.