Kuondoka Saa Saba

Nikitafuta betri kwenye droo ya jikoni, nimekutana na ramani iliyokunjwa, bado inanuka mafuta ya karafuu. Baba alijipaka mafuta hayo magotini kila akitoka kazini ghalani, kisha akaishika ramani kwa vidole vilevile.

Tulikaa ugenini, mtaa wa Granville, ghorofa ya pili. Jumapili baada ya chakula baba aliitandaza mkekani. Ilikuwa ya barabara moja kongwe ya Marekani, yenye moteli za taa za rangi na vituo vya mafuta vilivyofungwa zamani. Aliigawa kwa penseli iwe safari za siku moja moja, na pembeni ya kila safari akaandika: kuondoka saa 1, kurudi saa 12.

Niliona amekosea. Kwa saa za Kiingereza za shuleni, saa moja ni usiku, watu wamelala. Alipokwenda kuoga nikachukua kifutio, nikaweka 7 na 6 kila mahali, kama mwalimu alivyotufundisha.

Baba aliporudi aliisoma, kisha akamgeukia mama.

"Mwanao katupangia safari. Tunaondoka saa saba mchana, tunarudi saa sita."

"Saa sita ya siku hiyohiyo?" mama akauliza, huku akipiga pasi sare yake ya hospitali.

"Hiyohiyo. Tutarudi kabla hatujaondoka."

Walicheka mpaka mama akaiweka pasi pembeni.

Namba zangu baba hakuzifuta. Nimeikunjua ramani mezani, na kila safari bado inaondoka saa 7 na kurudi saa 6.