Lenzi Isiyovuta ya Nilima

Kwa miaka mingi Nilima Karmakar alipiga picha za harusi akiwa amesimama mlangoni. Hapa Krishnanagar, India, mjane hamkaribii bibi harusi wakati wa shughuli, wala hampaki manjano; huhofiwa atamwachia nuksi. Lakini mjane mwenye lenzi ya kuvuta anaweza kubaki kizingitini na bado akaleta picha ya kipini cha pua. Lenzi hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, Paritosh, pamoja na studio. Ilikuwa ndefu kama mchi. Ilivuta kila kitu, ila kilichovutwa kilitoka na chengachenga, kingo zimelainika kama sabuni iliyolowa. Nyumba zetu zina giza, na lenzi ile ilitaka jua.

Mimi nilikuwa mpangaji wake wa ghorofani. Jioni nilishuka na gazeti, tukanywa chai bila kusema mengi. Msemaji wa pale studioni alikuwa Titir, binti wa jirani yetu Bonani. Tangu darasa la kwanza alifanyia hesabu zake kwenye meza ya Nilima, akala biskuti zake, akamwita mama mdogo. Nilima hakujaliwa mtoto.

Titir alipochumbiwa na kijana wa Siliguri, alikuja na sharti.

"Mama mdogo, siku ya manjano unipige wewe. Lakini nataka ya karibu. Si zile zako za uso kama uji."

"Uji?"

"Uji kabisa! Rafiki yangu alikuza yake akaitundika ukutani. Hata kope hana, maskini."

Nilima alicheka, lakini wiki ile ile alinichukua twende Kolkata, kwenye vichochoro vya wauza kamera. Muuzaji, kijana mwenye tambuu shavuni, alitupangia lenzi mbili juu ya kaunta: moja ya kuvuta, mpya, na nyingine fupi kama kikombe cha chai.

"Shangazi, hii ndefu ndiyo ya harusi. Unakaa kwenye kiti chako, unamung'unya peremende, unamvuta bwana harusi mpaka mapengo yake."

"Na hii?"

"Hii haina ujanja. Inafanya kazi moja, lakini inaifanya. Gizani inaona kama paka, na kope utazihesabu. Ila haivuti. Ukiutaka uso, ni miguu yako ikupeleke."

"Nikisimama mbali?"

"Utapata ukuta, mbuzi na wajomba."

Nilima aliitia jichoni, akaishusha. "Kwa hiyo nikiwa na hii, lazima nisogee?"

"Lazima, shangazi. Hakuna njia nyingine."

Alimwomba aseme tena. Kisha akatoa mkobani ile lenzi ya Paritosh, akamwachia iwe sehemu ya bei, akachukua ile fupi. Kwenye treni aliipakata kama kifaranga.

"Sasa nina sababu," aliniambia, akitazama nje.

Asubuhi ya manjano Titir aliketi kwenye kigoda katikati ya ua, amezungukwa na wanawake wenye waume zao, wakimsinga kwa manjano yaliyoletwa kutoka kwa bwana harusi. Nilima alisimama kizingitini na sari yake nyeupe ya ujane, mimi nyuma yake nimemshikia mkoba. Aliinua kamera, akaishusha. Akavua ndara, akaingia uani.

Minoti, shangazi yake Titir, ndiye aliyemwona kwanza. Vigelegele vikakatika.

"We shemeji! Unakwenda wapi?"

"Kupiga picha."

"Si huwa unapigia huko mlangoni?"

"Lenzi hii haivuti, dada. Lazima nisogee."

"Haijaambiwa kama wewe ni mjane?"

"Imetengenezwa Japani. Huko hawakuiambia."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Titir, manjano mpaka masikioni, akapaza sauti: "Shangazi, mwache bwana! Mnataka nitoke uji?"

Bonani aliinamisha macho.

Nilima alipiga magoti mbele ya Titir, karibu kuliko nilivyowahi kumwona akiwa na mtu yeyote. Hakumgusa. Walitazamana, kamera ikalia mara mbili tatu, akainuka na kurudi mlangoni.

Sijaona picha kama ile. Chembe za manjano zilionekana moja moja juu ya nyusi, na kope hata moja haikupotea.

Harusi ikapita, Titir akapelekwa Siliguri, na Bonani akaja studioni kuchagua picha. Ile ya karibu ilimtoa machozi. Halafu akasogelea kioo cha kompyuta.

"Dada, nini hiki humu jichoni?"

Katika weusi wa kila jicho alikuwamo mwanamke mdogo mwenye sari nyeupe, amepiga magoti.

"Ni mimi," alisema Nilima. "Lenzi ya zamani isingeonyesha."

Bonani alijifuta machozi. "Mimi najua huna ubaya. Lakini mama mkwe wake ataitundika ukutani. Siku mtoto akiharibika tumboni, au mume akianguka na pikipiki, watamtazama nani?"

"Watanisema mimi."

"Wewe uko huku. Watamtazama Titir." Akashusha sauti. "Huwezi kukifuta tu?"

Nilima alijaribu mbele yetu. Macho yalibaki makavu kama ya kinyago. Bonani mwenyewe alitikisa kichwa. Mwishowe alichagua picha za sinia za zawadi, na ya samaki mzima wa zawadi, aliyevishwa kama bibi harusi kwa desturi yetu.

Siku chache baadaye nilikuwa naye studioni simu ilipolia. Sauti ya Titir ilijaa chumba.

"Mama mdogo! Mama anasema ile ya karibu imetoka na ukungu. Kweli?"

Picha ilikuwa mbele yetu kwenye kompyuta. Nilima aliitazama.

"Kweli."

"Na lenzi mpya yote ile!"

"Lenzi haina kosa, mwanangu. Nilisogea mno."

Titir akacheka, akaanza kusimulia jinsi mama mkwe wake anavyotia pilipili hata kwenye maboga. Nilima alimsikiliza mpaka simu ikakatika.