Chapati za Wakwe

Kisa hiki alinisimulia kwanza dada yangu mdogo, Krismasi ya mwaka 2006, nyumbani kwetu Bungoma.

Wakwe walikuwa watoke Kitale kuja kumposa, wale nasi chakula cha mchana. Mvua ikawakwamisha njiani, wakafika jioni. Chapati alizopika kwa mikono yake mwenyewe zilikuwa zimepoa na kukauka, na mafuta yalikuwa yamekwisha.

"Watasema hatukukufundisha," shangazi alimwambia, ameshika kiuno. "Hiyo si chapati, ni soli ya kiatu, bana."

Dada alichemsha maji katika sufuria kubwa, akaweka chungio juu yake, akazifunga chapati kwa kitambaa, akazitia humo na kufunika.

"Ati unazichemsha? Utawalisha wageni uji!"

"Shangazi, ngoja tu. Mvuke ukigusa chapati baridi unarudi kuwa maji, na joto ulilobeba unaliacha papo hapo."

Alipofunua zilikuwa laini, zinachoma vidole. Mama mkwe alikunja ya tatu, akauliza kama zimetoka motoni sasa hivi.

"Si unaona mvuke?" shangazi alidakia.

Kabla ya kuondoka, mama mkwe alimshika dada mkono, akamwita "mwanangu" mbele ya wote.

Mvuke hukaa kimya na joto lake mpaka ukutane na kitu baridi. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Mama mkwe ametutoka. Dada yu hai. Shangazi naye yu hai, na huwaambia wajukuu kwamba wazo lile lilikuwa lake.