Ala ya Kisu na Mguu wa Shemeji

Mama yangu mdogo anashona ala za visu, na ana tabia moja inayotutoa jasho sote. Hakabidhi ala mpaka aijaribu juu ya mguu wake mwenyewe. Anavua kandambili, anachomeka kisu, anageuza ala mdomo chini na kuitikisa mara tatu. Ala ikiwa imelegea, mpini utatangulia, halafu makali yatajichagulia pa kulala. Miaka ishirini na mbili sasa, na vidole vyake bado ni kumi.

Anafanya kazi chumba kimoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mfua visu tunayemwita Nyundo. Visu vinatoka kwa Nyundo, ala zinatoka kwa mama mdogo, na maneno ya kishemeji yanatoka pande zote mbili. Mimi nipo katikati, napaka ngozi rangi na kujifanya sisikii.

Chumba kina dirisha moja tu. Mama mdogo anakaa chini yake kwa sababu macho yameanza kumsaliti. Bila mwanga ule hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na asipotunga uzi hana kazi. Nyundo naye analitaka apange visu vyake wapita njia wavione. Mwenye bucha wa mtaani alipoagiza kisu pamoja na ala yake, Nyundo akapata upenyo.

"Shemeji, ala hii ikidondosha kisu, dirisha ni langu," alisema.

"Na isipodondosha?"

"Sitalitaja tena."

"Mpaka ufe?"

"Mpaka nife."

Nilimkonyeza mama mdogo akatae. Akakubali, kwa sababu kiburi cha kazi hakina dawa.

Kisu kilikuwa kizuri, nakiri, ingawa Nyundo akisikia nimesema hivyo kichwa kitamvimba. Mama mdogo alikata ngozi, akaweka ukanda mwembamba katikati ili makali yasifikie mshono, akatoboa matundu kwa msharasi na kushona kwa sindano mbili, uzi umepakwa nta. Kisha akailoweka ala kwenye maji ya uvuguvugu, akakifunga kisu kwa nailoni kisishike kutu, akakichomeka ndani ya ala. Akachukua kijiko, akaanza kuisugua ngozi kwa mgongo wa kijiko ishike umbo la kisu, hasa pale shingoni, mpini unapokutana na bapa. Alisugua mpaka mkono ukamfa ganzi. Kisha akaiacha siku mbili ikauke.

Ilipokauka, Nyundo akaja kuomba kisu.

"Nakipiga msasa kidogo tu, kipendeze," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba mchumba.

Alikaa nacho uani asubuhi nzima. Msasa gani unaolia kama tupa? Nilijiuliza hivyo, nikaendelea kupaka rangi, na mpaka leo najilaumu.

Mchana mwenye bucha akafika. Mama mdogo akachomeka kisu na kuvua kandambili. Hapo Nyundo akakohoa.

"Shemeji, achana na mguu leo. Jaribu juu ya gunia."

Huruma hiyo ndiyo iliyomponza. Mama mdogo alimtazama kama anayetazama mshono uliopinda.

"Tangu lini mguu wangu unakuuma wewe? Mwaka juzi uliniangushia nyundo kidoleni, ukaniambia niangalie ninapokanyaga."

"Ubinadamu tu, shemeji."

"Vizuri. Leo tutumie mguu wako, basi. Vua kiatu."

Nyundo aliangalia mlango. Mwenye bucha alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, kakunja mikono, na ni mtu mnene.

"Vua tu, fundi," mwenye bucha akasema. "Si kisu chako mwenyewe?"

Nyundo akavua kiatu. Akavua na soksi, taratibu. Mama mdogo akageuza ala juu ya mguu wake, na kabla hajaitikisa, mguu ukarudi nyuma wenyewe.

"Nimekipunguza," Nyundo akasema. "Mgongoni na kwenye bapa."

"Na shingoni?"

"Shingoni nilipitisha kidogo tu."

Nilitamani nimmwagie kopo zima la rangi. Mwenye bucha akasema basi, mama ameshinda, yaishe. Mama mdogo akatikisa kichwa.

"Nikishinda kwa aibu yake, kesho ataisahau. Acha nishinde kwa ala yangu."

Akaweka mguu wake mwenyewe, mtupu, akatikisa. Mara ya kwanza nilifumba macho. Ya pili Nyundo akafumba ya kwake. Ya tatu mwenye bucha akashika fremu ya mlango. Kisu hakikutoka. Akatikisa na ya nne, ya ukorofi.

"Ala haishiki tumbo la kisu, shemeji," akasema. "Hushika shingo. Ungejua, kama usingekuwa unafunga visu vyako kwa magazeti."

Tulipobaki wawili, nilimwambia kwamba nimemvulia kofia: kumbe alijua wazi kuwa hakitadondoka.

"Ningekuwa najua, ningetaka mguu wake wa nini?" akaniuliza, huku akisogeza kiti chini ya dirisha.

"Sasa mbona ukaweka wako?"

Akainua sindano kwenye mwanga, akatunga uzi kwa mara moja.

"Mwanangu," akasema, "kwani mimi nashona kwa vidole vya miguu?"