Alama Iliyozama

Mama Rada, kama walivyomwita kazini, alikaa mbele ya skrini ya rada miaka kumi na tisa, na kila bahari ilipotulia mashine ilimdanganya. Chombo cha angani kikiruka chini chini juu ya maji, mawimbi ya rada hurudi mara mbili, mengine yakitoka kwenye chombo na mengine yakidunda majini, na alama yake huyumba, huzama, kisha huibuka. Mkuu wa kituo alishaagiza: ikizama, andika "mwangwi wa maji", usitie watu kiwewe. Aliomba mashine mpya mpaka ulimi ukaota sugu. Akaambiwa mvumilivu hula mbivu.

Asubuhi moja alama ya helikopta ilizama. Akaandika mwangwi wa maji, akanywa chai yake, akaisubiri. Haikuibuka. Rubani alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Kwenye uchunguzi wa ajali, mkuu alisema kwa macho makavu, "Huyu ndiye mzoefu wetu. Alipaswa kujua."

Hawakumfukuza. Sasa anafundisha wageni wa kazi kwenye mashine ileile. Alama ikizama, humuuliza waandike nini.

"Andikeni alivyosema mkuu," huwajibu. "Halafu ombeni rubani asiwe ndugu yenu."