Barua ya Zahanati kwa Balozi Mrisho

Evarista alitoka Masasi na nguo mbili, akapata kazi ya kuhudumu kwenye baa moja Mchafukoge na chumba katika nyumba yetu, Kariakoo. Alikuwa msafi kupindukia. Hata sakafu ya choo cha wapangaji wote alikuwa akiisugua yeye. Miaka tisa hakugombana na mtu.

Kisha wanaume wa tawi la chama wakagundua kwamba kisonono mjini kinaletwa na wahudumu wa baa. Wao, maskini ya Mungu, walikuwa wakiambukizwa na upepo. Mrisho, balozi wetu wa nyumba kumi, akatangaza mkutanoni kwamba kila mhudumu atapimwa kila mwezi, na asiye na kadi yenye muhuri wa zahanati atapandishwa lori akalime kijijini. Majina yao, wazima na wagonjwa, yakabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chama. Evarista akauliza kama wanaume nao watapimwa. Walicheka hadi wakafuta machozi.

Mwezi wa saba wa vipimo Evarista akakutwa na kisonono. Nesi alimchoma sindano lakini akamnyima muhuri: kwanza aje na mwanamume wake. Akampa barua ya kumwita mwanamume huyo. Lori lilikuwa linakuja Ijumaa.

Sasa Mrisho alikuwa na tabia moja, kusoma kila barua ya serikali kwa sauti mbele ya watu. Jumapili Evarista alipompelekea bahasha, alimkuta mkutanoni. Akamwomba aisome akiwa peke yake. Mrisho akauona muhuri wa serikali juu ya bahasha, akadhani anapongezwa kwa kampeni yake, akavaa miwani.

"Ndugu Mrisho," akasoma kwa madaha, "unatakiwa kufika zahanati bila kukosa, utibiwe kisonono, kwa kuwa mgonjwa wetu amekutaja..."

Akavua miwani. Sisi wanawake tukaangua vicheko. Sijawahi kucheka vile maishani mwangu.

Ndipo wanaume wakakumbuka heshima. Ugonjwa ni siri ya mtu, walisema, na hapo hapo wakapitisha azimio kwamba barua za wanaume zisisomwe hadharani.

"Basi na majina yetu yabandueni pale mlangoni," Evarista akasema.

Majina hayakubanduliwa. Ijumaa alipandishwa lori kwa kosa la kukosa muhuri, naye alikuwa ameshapona. Aliyetia sahihi karatasi ya kumwondoa mjini ni Mrisho, na huyo hajachomwa sindano mpaka leo.